Mushiatsui: uzoefu wangu na programu ya kadi za Kijapani

Nyota tatu kati ya tano. Ni miezi minne sasa naitumia, inakupa maneno matano kila asubuhi. Neno moja tu litatosha kuonyesha ilivyo: mushiatsui.

Lilinifikia mwezi wa saba hapa Nagoya, siku ambazo shati linalowa jasho kabla hujafunga mlango. Kadi ina picha ya jua lililovaa miwani, neno kwa hiragana (herufi za Kijapani zinazoonyesha matamshi tu), むしあつい, na maana: joto. Basi. Lakini "joto" si nilishapewa juzi, atsui? Hili la pili la nini? Nikajijazia mwenyewe. Mushi ni mdudu, na huko nje nyenje wanapiga kelele mti mzima, kwa hiyo hili ni joto la wadudu.

Asubuhi moja, tukisubiri lifti, bibi wa ghorofa ya tatu akajipepea akaniambia, "Mushiatsui desu ne." Nami kwa furaha nikamwonyesha mti wa uani: "Hai, semi!" Yaani, ndiyo, nyenje! Bibi wa watu akacheka huku kajifunika mdomo.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu wa kazini, siku tuliyokwenda kula chawanmushi, yale mayai laini yanayopikwa kwa mvuke ndani ya kikombe. Akanionyesha 蒸 kwenye menyu. Mushi hii imetoka kwenye musu, kupika kwa mvuke. Ya mdudu ni 虫, haziingiliani hata kidogo. Kumbe ni fukuto! Neno tunalo Kilifi tangu utotoni, na mwezi wa tatu kabla ya mvua halimwachi mtu. Bibi alikuwa ananiambia tu leo kuna fukuto, na jibu lake ni "Sō desu ne", yaani ni kweli, basi, lifti imefika.

Kadi ingeandika na kanji pembeni, yaani herufi za maana kama hizo 蒸 na 虫, aibu ile isingenipata. Nililipia mwezi mmoja nikidhani zitakuja. Yakaondoka matangazo tu. Halafu ukiandika "mushi atsui" kwa kuachanisha, unahesabiwa kosa.

Sauti lakini naisifu, ni safi na unaweza kuipunguza mwendo. Wengi huhangaika na "tsu". Mimi niliyekua nikihesabu "tsano" kwa Kigiriama, hiyo ilikuwa mteremko.

Bibi naye, tangu siku ile, akiniona mlangoni pa lifti hunianza yeye: "Semi!"