Dawa za kuongeza damu: usilipe kabla hujajua chupa ina chuma kiasi gani

Mwezi wa Februari nilipimwa damu nikaambiwa kwamba hemoglobini yangu, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, ni gramu 9.2 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye na mimba anatarajiwa kuwa na 12 au zaidi. Mwili ulikuwa umeniambia kabla ya maabara, kwa kuwa nilikuwa siwezi kupanda ngazi za ghorofa ya pili bila kusimama katikati na kushika ukuta, na kucha za vidole vyangu zilikuwa zimelainika na kubonyea katikati kama kijiko. Nilitoka hapo nikaingia kemisti ya kwanza niliyoiona njiani, nikaeleza shida yangu, na kijana aliyekuwa kaunta akanitolea chupa ya dawa ya maji yenye rangi ya damu ya mzee. "Mama, hii ndiyo wanayoichukua wote," akaniambia. Nililipa shilingi 1,450 za Kenya. Nilikunywa kijiko kimoja kila siku kwa siku 40, nikanunua chupa ya pili, nikaimaliza nayo, kisha nikarudi kupimwa. Hemoglobini ilikuwa 9.4.

Muuguzi aliyenipa majibu, mama wa makamo, hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, dawa hiyo inakupa chuma kiasi gani kwa siku?" Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani niliitoa chupa kwenye taka nikaigeuza. Nyuma yake, kwa herufi ndogo mno hata ilibidi nizipige picha kwa simu na kuikuza picha hiyo, palikuwa pameandikwa kwamba kila kijiko cha mililita 5 kina ferasi glukoneti miligramu 100. Ile 100 nilikuwa nimeiona siku ya kwanza, kwa kuwa ilirudiwa mbele kwa wino mzito, nami niliridhika nayo nikidhani nakunywa miligramu 100 za chuma. Kumbe ferasi glukoneti ni chumvi, yaani chuma kilichofungamanishwa na kitu kingine, na katika kila miligramu 100 za chumvi hiyo chuma chenyewe ni takriban miligramu 12 tu. Kwa siku 80 nilikuwa nikinywa miligramu 12 kwa siku, na sehemu kubwa ya hizo haikufyonzwa.

Hii ndiyo kasoro ninayotaka kila mtu aiangalie kabla ya kuangalia jambo jingine lolote. Uzito unaoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni uzito wa chumvi, wala si wa chuma, na chumvi hizi hazilingani. Ferasi fumareti ina chuma takriban thuluthi moja ya uzito wake, ferasi salfeti ya kawaida ina takriban sehemu moja kwa tano, na ferasi glukoneti ina asilimia 12. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ili upate miligramu 60 za chuma unahitaji miligramu 180 za fumareti, au 300 za salfeti, au 500 za glukoneti, na hapo ndipo unapoona jinsi mnunuzi anayelinganisha namba za mbele ya boksi anavyoweza kuchagua chupa yenye namba kubwa na chuma kidogo. Salfeti nayo ina mtego wake, kwa sababu ikikaushwa huondokewa na maji na kubaki na chuma kingi zaidi, ndiyo maana kidonge kidogo cha miligramu 200 za salfeti iliyokaushwa hutoa takriban miligramu 65. Kwa hiyo tafuta maneno yanayotaja chuma chenyewe, na yasipokuwepo muulize mfamasia akufanyie hesabu mbele yako. Asiyeweza kukufanyia hesabu hiyo asikuuzie dawa.

Sitazungumzia ladha, rangi wala ukubwa wa chupa. Hata hivyo ni lazima niseme kwamba mtu asinunue chochote kabla ya kupimwa, na ikiwezekana apimwe pia feritini, kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, kwa sababu upungufu wa damu una vyanzo vingi. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, malaria huvunja chembe nyekundu, hedhi nzito humaliza akiba mwezi baada ya mwezi, na mwenye ugonjwa wa selimundu anaweza kuwa na damu chache huku chuma kikiwa kingi mwilini mwake, hivyo kumwongezea bila kupima ni kumdhuru.

Katika vyote nilivyolinganisha, ninachokiweka mbele bila kusita ni Ranferon-12, na ninasema hivyo bila kulipwa na mtu yeyote. Kila kapsuli ina ferasi fumareti miligramu 305, ambayo ni takriban miligramu 100 za chuma chenyewe, na pamoja nayo mna vitamini C inayosaidia ufyonzaji, asidi ya foliki na vitamini B12, ambazo mwili unazihitaji ili kutengeneza chembe nyekundu. Nimeona watu wakiikwepa kwa sababu inafunga choo na kukifanya cheusi. Weusi huo ni chuma kisichofyonzwa na haudhuru. Choo kigumu ni taabu ya kweli, nami niliipata wiki ya kwanza, lakini ilipungua sana daktari aliponielekeza ninywe kapsuli moja kila baada ya siku moja badala ya kila siku. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha mwaka 2017 matokeo yanayoonyesha kwamba wanawake wenye akiba ndogo ya chuma walifyonza zaidi walipokunywa siku moja na kuacha siku inayofuata, kwa kuwa dozi moja huamsha homoni inayofunga mlango wa chuma utumboni kwa muda wa siku nzima hivi. Mjamzito asibadilishe utaratibu wake kwa kusoma maneno haya. Yeye afuate alichoelekezwa kliniki.

Nafasi ya pili naipa vidonge vya kawaida vya ferasi salfeti miligramu 200, vinavyouzwa kwa shilingi chache kila kimoja. Vinafanya kazi. Mjamzito hupewa kliniki vidonge vya chuma na asidi ya foliki, na chuma kilichomo ni miligramu 60, kwa hiyo hana sababu ya kununua vingine juu yake bila ushauri.

Ya tatu ni ile ya polimaltosi, yaani chuma kilichofungamanishwa na aina ya sukari badala ya chumvi, ambayo Maltofer ya Uswisi ndiyo inayojulikana zaidi. Uzuri wake mkubwa kwangu ni kwamba boksi hutaja chuma chenyewe, miligramu 100 kwa kidonge cha kutafuna, bila kumwachia mnunuzi hesabu ya chumvi. Haisumbui tumbo kama salfeti, na hunyweka pamoja na chakula, kwa hiyo nimempendekezea mama yangu mdogo ambaye hutapika kila anapoonja salfeti. Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu inahitaji subira, kwani damu hupanda polepole zaidi.

Zinazofuata nazitaja kwa uzito mdogo. Toniki za mitishamba zinazotoka Ulaya nyingi hutoa chuma chini ya miligramu 20 kwa siku, kiasi kinachomfaa mtu aliyekwisha kupona na anayetaka kulinda akiba yake, lakini si aliye na 9.2. Vidonge vinavyoyeyuka polepole huuzwa kwa bei kubwa kwa ahadi ya kutosumbua tumbo, na mara nyingi ahadi hiyo hutimia kwa sababu chuma hakiachiliwi mapema. Sehemu inayofyonza chuma zaidi ni ile ya mwanzo wa utumbo mwembamba, na kidonge kikiyeyuka baada ya kuipita, chuma kingi huishia chooni. Dawa za maji zenye feriki amonia sitreti zina kasoro mbili kwa pamoja, kwa kuwa ni chumvi nyingine inayoficha uzito wa chuma, na chuma chake kiko katika hali ambayo mwili hukifyonza kwa shida. Kuhusu unga wa bitiruti unaouzwa kwa mikebe kama dawa ya damu, itoshe kujua kwamba bitiruti yenyewe ina chuma chini ya miligramu 1 katika gramu 100.

Mtu anaweza kununua dawa ninayoipenda na bado asipone, na kwetu Mombasa sababu iko kwenye meza ya asubuhi. Nilikuwa nikinywa kijiko changu pamoja na mahamri, mbaazi za nazi na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Majani ya chai yana tanini inayokamata chuma na kukizuia kisifyonzwe, na kalisi ya maziwa nayo hupunguza ufyonzaji, kwa hiyo hata zile miligramu 12 nilikuwa nazizamisha kikombeni. Siku hizi kapsuli naimeza mara niamkapo, kwa maji na nusu ya ndimu iliyokamuliwa, tumbo likiwa tupu, kisha nakaa saa nzima au zaidi kabla ya kugusa chai. Siku ambayo tumbo linakataa, naimeza baada ya kula pera au embe. Anayetumia dawa za kiungulia zinazopunguza asidi ya tumbo amweleze daktari, kwa sababu chuma huhitaji asidi hiyo.

Kwa upande wa chakula, fedha yangu ya kwanza naiweka kwenye maini ya ng'ombe, ambayo yana takriban miligramu 6 za chuma katika gramu 100 zilizopikwa, na chuma cha nyama hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha mimea. Nanunua robo kilo mara moja kwa wiki, nayakata vipande vyembamba, nayakaanga kwa kitunguu, kisha nayakamulia ndimu yakiwa bado motoni. Mjamzito asiyazidishe, kwa kuwa vitamini A iliyomo ni nyingi mno kwa mimba. Omena ni nafuu na wanafaa sana. Mchicha, kunde na maharagwe vina chuma ambacho mwili hukifyonza kidogo kikiwa peke yake, ila vikiliwa na nyanya mbichi, ndimu au kipande cha nyama, hata kidogo, ufyonzaji hupanda. Lakini aliyeshuka hadi 9 asitegemee sufuria ya mboga pekee, kwani chakula hulinda akiba iliyopo na hakiwezi kuijaza kwa haraka inayohitajika.

Bei ndiyo inayonikera zaidi. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya kile nilicholipia. Chupa yangu ya shilingi 1,450 ilikuwa na vijiko 40 vya miligramu 12, yaani miligramu 480 za chuma, kwa hiyo kila miligramu iligharimu takriban shilingi 3. Kapsuli 30 za Ranferon-12 nilizinunua kwa shilingi 900, ambazo ni takriban senti 30 kwa miligramu, na salfeti ya kawaida ilinigharimu chini ya senti 10. Mama aliyetoka kujifungua na asiye na kazi analipishwa mara 10 ya bei ya dawa nzuri, au mara 30 ya ile ya kawaida, kwa sababu chupa ina picha ya mwanamke mwenye nguvu akiwa amembeba mtoto. Nikiuliza kwa nini chupa zile zinawekwa mbele, kwenye usawa wa macho, na vidonge vinafungiwa kwenye droo, jibu huwa kwamba wateja wanapenda dawa ya maji. Wateja hatukuzaliwa tukiipenda, tumeuziwa.

Linalonikera pia ni kukatiwa vidonge kwa mkasi. Sina tatizo na kununua vichache, kwani wengi hatuna fedha ya boksi zima, lakini karatasi ya vidonge ikikatwa vibaya, jina la chumvi, uzito wake na tarehe ya mwisho wa matumizi vyote hubaki kwenye kipande kilichorudi droo. Dada yangu aliletewa vidonge 10 ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa "damu 1x2" tu. Hakujua anakunywa nini. Ni haki ya mnunuzi kuomba aonyeshwe boksi, alisome, na alipige picha kabla ya kutoa fedha, na muuza dawa mwaminifu hakasiriki akiombwa hivyo.

Nilianza Ranferon-12 katikati ya Mei. Wiki nne baadaye nilirudi kupimwa, kwa sababu hemoglobini isipopanda kwa gramu 1 kwa desilita au zaidi katika muda huo kuna kinachopaswa kutafutwa, ikiwa ni damu inayovuja mahali au dawa isiyofaa, nami nilikuta 10.9. Mwezi wa Agosti ilifika 12.3. Sijaacha, kwa kuwa damu hujaa kwanza na akiba ya mwili hufuata nyuma, na daktari ameniagiza niendelee miezi mitatu zaidi. Boksi nimeliweka juu ya kabati, mahali ambapo mtoto wangu wa miaka minne hafiki hata akisimama juu ya kiti, kwa sababu kapsuli hizi zinafanana na peremende na chache tu zinaweza kumuua mtoto mdogo.