DaVinci Resolve kwa Mhariri wa Kipindi cha Sanaa

Kwa anayehariri vipande vya kipindi cha sanaa katika kituo kidogo cha televisheni, naipendekeza DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, kwa moyo mkunjufu, hata katika toleo lake la bure. Uwezo wake hudhihirika kwenye onyesho la taarabu lililorekodiwa kwa kamera kadhaa: programu huzioanisha picha zote kwa kufuata sauti, kisha mhariri huchagua kamera wimbo ukiendelea, akimwonyesha mpiga ganuni pale tu vidole vyake vinapoanza kukimbia juu ya nyuzi. Muhimu ni kupanga mapema fremu (picha mojamoja zinazounda video) 25 kwa sekunde, kiwango cha utangazaji wetu, kwani ukishaingiza picha kasi ya fremu ya mradi haibadilishiki. Toleo la Studio, linalouzwa dola 295 za Marekani, halihitajiki kwa kazi hii.