Kozi ya Kiingereza ya jioni hapa Moshi: uzoefu wangu kama fundi cherehani

Najua wengi watauliza bei kwanza, kwa hiyo nianzie hapo. Kozi ya Kiingereza cha mazungumzo niliyoisoma hapa Moshi inatozwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Vipindi huanza saa kumi na moja na nusu jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, katika chumba kilicho ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na stendi kuu ya mabasi. Humo unapata mwalimu mzuri kuliko nilivyotarajia, kitabu kibaya kuliko nilivyohofia, na wanafunzi wenzako ambao kwa maoni yangu wanastahili nusu ya ada. Jina la chuo nitalihifadhi, kwa kuwa yapo mambo humu ambayo mwenye chuo hatayafurahia, nami bado napita mlangoni kwake kila ninapokwenda kununua uzi.

Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kipo karibu na soko kuu, mahali ambapo watalii wanaosubiri siku yao ya kupanda Mlima Kilimanjaro, pamoja na vijana wa kujitolea wanaokuja kusaidia katika shule na hospitali, hupita wakitafuta vitenge vya kushonesha. Kidato cha nne nilimaliza. Kama ilivyo kwa wengi wetu tuliopita shule za serikali, miaka saba ya msingi nilifundishwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kikaja na masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, yakiwa yamegeuka Kiingereza. Tulisalimika kwa kukariri. Mpaka leo ninaweza kueleza usanisinuru kwa Kiingereza bila kuvuta pumzi, lakini dada mmoja wa Kizungu aliponiuliza kama suruali yake itajikunja ikifuliwa kwa maji ya moto, nilitabasamu na kutikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo, hapana, au karibu tena.

Sababu yangu ya pili ni mwanangu, ambaye yupo darasa la pili katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ujumbe wote katika dayari yake huandikwa kwa Kiingereza, na mzazi hutakiwa kutia saini kuthibitisha kwamba ameusoma na kuuelewa. Nimetia saini nyingi sana.

Kuhusu kitabu sitakuwa na huruma. Kinauzwa shilingi 10,000 juu ya ada, nacho ni kopi ya kopi ya kitabu kilichotungwa Uingereza kwa ajili ya wageni wanaohamia huko. Picha zake zimekuwa nyeusi kiasi kwamba zoezi la kueleza unachokiona pichani lilimalizika kwa darasa zima kukubaliana kwamba tunaona usiku. Ipo sura nzima ambamo watu wawili, ambao hawajapata kuonana kabla ya siku hiyo, wanajadili manyunyu ya mvua kwa kurasa mbili bila mmoja wao kumuuliza mwenzake habari za nyumbani. Sisi tuliolelewa kwamba huwezi kumuuliza mtu hata bei ya nyanya kabla hujamjulia hali, tuliisoma sura hiyo kwa mashaka makubwa, na mama mmoja anayeuza chakula karibu na hospitali alisema waziwazi kwamba watu hao lazima walikuwa wamegombana.

Sura ya kituo cha treni ndiyo iliyonifanya nijue kwamba fedha yangu haikupotea. Humo kuna bwana mpole anayeingia katika behewa na kumuuliza mama aliyeketi, kwa sauti ya chini na kwa kuomba radhi mara kadhaa, kama kiti kilicho kando yake kina mtu. Hapa Moshi treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea mwishoni mwa mwaka 2019 baada ya kukosekana kwa miaka mingi, kwa hiyo wengi darasani walikuwa wameiona ikipita kuliko kuipanda, na mwalimu alitaka tuigize ili tupate picha. Nafasi ya yule bwana mpole ilimwangukia mwanafunzi mwenzetu ambaye ni mpiga debe wa mabasi ya Arusha. Alianza vizuri. Lakini sauti aliyonayo ni ile aliyoijenga kwa miaka stendi, na kufikia sentensi ya tatu alikuwa hamuulizi mama tena kama kiti ni kitupu, bali anamhakikishia kwamba kimebaki kimoja tu na gari linaondoka sasa hivi. Muuza duka wa chini alitoka nje kutazama kuna nini. Mwalimu, badala ya kumkemea, alimwambia arudie vilevile kwa Kiingereza, na nakiri kwamba nilijifunza namna ya kumbembeleza mteja kutoka kwa mpiga debe kuliko kutoka kwa bwana wa kitabuni.

Mwalimu huyo ndiye ninayemsifu. Tunamwita Madamu, ingawa kwa umri ni mdogo kuliko nusu ya darasa, na wazee wetu wanapomwamkia kwa heshima ya ualimu yeye huwahi kuwashikamoo wao kabla hawajafungua kinywa. Majuma machache baada ya kuanza alikifunga kitabu na kutuambia kila mmoja alete kitu cha kazi yake. Dereva wa bajaji alileta kofia na malalamiko ya abiria. Mpishi anayepanda mlimani na wageni alileta orodha ya vyakula vya siku saba, ambayo iligeuka kuwa somo la kueleza kwa nini uji hutolewa kila asubuhi na kwa nini haukwepeki. Mimi nilileta futi kamba.

Niliambiwa nimpime mtu mbele ya darasa huku nikisema kila ninachokifanya, kwa Kiingereza. Aliyejitolea ni Sista, mtawa anayefanya kazi katika zahanati, kwa sharti kwamba tusivuke mikono na mabega. Nilianza kwa kumwomba asimame wima, ainue mkono, ashushe mkono, ageuke kidogo, na kwa mara ya kwanza maishani maneno yalitoka yenyewe kwa sababu vidole vilikuwa vinajua kinachofuata. Hapo ndipo Madamu alipouliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria katika kazi yangu yote: mteja wangu anasikia nini ninapotaja namba? Sisi mafundi hupima kwa inchi. Wageni wengi kutoka bara la Ulaya wanafikiri kwa sentimita, na futi kamba ninayoivaa shingoni ina upande mmoja wa inchi 60 na upande mwingine wa sentimita 150, ambao sikuwahi kuutazama ila nilipokuwa natafuta mahali ulipochanika. Dada niliyemtangazia kwa furaha kwamba kiuno chake ni 28 alishtuka kwa haki. Sasa namtajia 71, naye anatulia, na mshono ni uleule.

Jambo lililotutesa wote kwa usawa ni suala la mwanamume na mwanamke. Kiswahili husema anapika, anakuja, amechelewa, na hakijali anayepika ni baba au mama, ilhali Kiingereza hakikubali kuendelea na habari mpaka kwanza kielezwe. Matokeo yake ni kwamba darasani kwetu wake waliota ndevu na baba wakwe wakajifungua. Madamu aliweka kopo la faini, shilingi 200 kwa kila kosa, fedha ya kununulia soda mwisho wa mwezi. Dereva wa bajaji, ambaye anampenda mke wake na humtaja katika kila sentensi, alikuwa mfadhili mkuu wa soda hizo. Mwisho alibuni mbinu ya kusema tu jina la mke wake, kila mara, sentensi baada ya sentensi, na hakuna aliyeweza kumtoza.

Kuhusu maandishi nilikuwa na kinyongo cha muda mrefu, kwa kuwa nimezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, na sikuona sababu ya kisu cha Kiingereza, yaani knife, kubeba herufi ya kwanza ambayo hakuna anayeitamka. Wengine huambiwa tu wakariri. Madamu alitueleza kwamba herufi ile ilikuwa ikitamkwa zamani. Kwamba William Caxton alipofungua kiwanda cha uchapaji Uingereza mwaka 1476, vitabu vilianza kuizoesha nchi namna moja ya kuandika, wakati ambapo matamshi ya watu yalikuwa bado yanahama, na yakaendelea kuhama kwa karne nyingine huku maandishi yamebaki nyuma. Kiswahili cha shuleni kwa upande wake kilisanifiwa juzi tu, kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 ikitumia Kiunguja kama msingi, kwa hiyo herufi na sauti hazijapata muda wa kugombana. Mpiga debe alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama wachapaji hao wana warithi tunaoweza kuwadai. Nilipenda somo hilo kuliko yote, japo halikunisaidia kuandika neno lolote kwa usahihi.

Sasa niseme yasiyoridhisha. Bango la chuo linaahidi mazungumzo na mwalimu kutoka Uingereza. Aliyekuja, na hakuja mara nyingi, ni binti wa kujitolea kutoka Ujerumani, ambaye alitueleza kwa unyenyekevu kwamba Kiingereza na yeye alikisoma shuleni. Kusema kweli alitufaa sana, kwa sababu alizungumza taratibu na alijua ni wapi mtu hukwama, lakini bango ni bango, na mwenye chuo alipoulizwa alijibu kwamba Ulaya ni moja. Darasa lililotangazwa kuwa la watu 15 lilijaa kiasi cha watu kukaa kwenye benchi la dirishani. Umeme ukikatika hakuna jenereta, na jioni za masika, mvua inapogonga bati la jirani, husikii Kiingereza wala Kiswahili. Kuhusu cheti, hulipiwa shilingi 30,000 za ziada. Kina picha ya mnara wa saa wa London, wakati mzunguko wetu wenyewe hapa mjini una mnara wa saa usiodai ada.

Wanaotaka kurudia mtihani wa kidato cha nne nawashauri watafute kwingine, kwa sababu hapa hakuna ufahamu wala insha, na Madamu mwenyewe huwaambia hivyo siku ya kwanza. Kozi hii inamfaa mtu mwenye kazi inayomkutanisha na wageni, ambaye hataona haya kuileta kazi hiyo darasani.

Faida niliyoipata naweza kuieleza kwa magauni. Zamani mteja wa kigeni alikuwa ananionyesha picha katika simu, nami nashona picha. Sasa tunazungumza, na nimegundua kwamba karibu kila dada anayetoka Ulaya au Marekani, hata awe anashonesha gauni la harusi ya rafiki yake, anataka mifuko. Mifuko miwili, yenye kina cha kuingiza simu. Kwa miaka nilikuwa nawanyima bila kujua kwamba wanaomba, kwa kuwa walikuwa wakijipapasa nyongani nami nadhani wanalalamikia upana. Leo natoza shilingi 3,000 zaidi kwa mifuko, na wanalipa wakicheka.

Haikosi kutokea mkanganyiko, hata hivyo. Mteja mmoja tulikubaliana achukue gauni lake saa nane mchana. Mimi, kwa kuwa nilikwisha kufundishwa kuondoa sita, nilimtajia saa kwa hesabu ya kwao, kwa matamshi ambayo Madamu angeyapigia makofi. Yeye naye, kwa kuwa mwenyeji wake alikwisha kumfundisha kwamba huku saa huhesabiwa tangu jua kuchomoza, aliichukulia saa yangu kuwa ya Kiswahili na kuigeuza upya, akafika saa mbili asubuhi. Nilimkuta barazani na chai mkononi, mama wa chapati akimfundisha kusema asante na kumwongezea ya pili. Wote wawili tulikuwa sahihi, na gauni lilikuwa bado halina zipu.

Mwanangu, ambaye amejiteua kuwa mkaguzi wa matamshi yangu, anasema nimefika kiwango cha darasa la kwanza, muhula wa pili. Dayari yake siku hizi naisoma kabla ya kutia saini, na nimegundua kwamba muda mrefu nilikuwa nikikubali kuchangia vitu ambavyo sikuwahi kuvichangia.

Nimelipia daraja la pili, linaloanza mwezi ujao kwa ada ileile. Cheti nimekiacha. Kitabu cha daraja hilo, ambacho nimeambiwa kinahusu safari ya familia moja katika maduka makubwa ya London, nimekataa kukinunua, na Madamu hakunibishia.