Nyota tatu kwa hawa watu wa chakula cha dayeti hapa Kisumu: kilo 16 zimeenda, kizunguzungu nacho kikaja

Naanza na nyota kwa sababu najua wengi wenu mnaangalia hiyo tu alafu mnapita. Ni tatu kwa tano. Chakula chenyewe ningekipea nne na nusu, kufika kwa wakati nne, lakini vile walinijibu siku nimewaambia naskia kizunguzungu, hapo ni moja, na hiyo moja ni ya salamu. Jina lao siweki hapa, sitaki vita na wapishi wao wanajua kazi.

Mimi niko na hadiwea ndogo Kondele, miaka 47, kwetu ni Luanda kule Bunyore so mnajua nimelelewa na nini. Obusuma, yaani ugali, asubuhi ikiwa imebaki, obusuma jioni ikiwa moto, na kuku akikuja wageni. 2019 nikapimwa nikapatikana na presha, 160 kwa 100, nikaanzishiwa tembe moja kila asubuhi na tangu hapo nimekuwa nikiinunua tu kwa kemia bila kurudi kwa daktari, hiyo makosa ni yangu nimekubali. Januari mwaka huu nikapanda kwa mizani yangu mwenyewe ya kupimia misumari, ile kubwa, ikasoma 103. Mama watoto akaniambia baba, hii sasa si afya, ni mzigo.

Ndio nikaingia kwa hawa watu. Ni huduma ya kuletewa chakula, unalipa 3,500 kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kontena mbili kwa siku, mchana na jioni, boda anakuletea mpaka dukani kati ya saa tano na nusu na saa sita. Ukipiga hesabu ni 350 kwa sahani na hiyo kusema ukweli si bei mbaya, hoteli za hapa mjini samaki peke yake anakula hiyo pesa na bado hujaguza soda.

Na chakula ni kitamu, wacha nisiwe mchoyo. Jumatatu ilikuwa mbuta ya kuchemshwa na nyanya na dania, mboga ya osuga pembeni, nusu avokado. Jumanne kuku. Jumatano mayai na mrenda, mrenda yao si ile ya kuvutana mpaka shingo, imepikwa vizuri na kunde ndani. Alhamisi omena, kavu, imekaangwa kwa mafuta kidogo sana na ndimu, hiyo ningekula hata leo. Ijumaa maini ama nyama ya kusaga na kabeji. Sasa shida ni hakuna ugali, hakuna wali, hakuna chapati, hakuna hata kakiazi kamoja. Badala yake wanakuwekea koliflawa imesagwa ikae kama wali. Haikai kama wali bana. Mtu wa Bunyore huwezi mdanganya na hiyo. Na chumvi karibu hakuna, Royco hakuna, wamesema hiyo ni siri ya kupunguza tumbo.

Kwa chai nikaambiwa niache mkate na mandazi, sukari pia, nikaacha. Wiki ya kwanza pekee nikaangusha kilo nne nikaona hawa watu ni malaika. Baadaye ndio nilikuja kuelezwa kwamba hizo za kwanza nyingi ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwa maini na misuli na kila gramu ya hiyo akiba imeshikana na kama gramu tatu za maji, so ukiacha ugali akiba inaisha na maji inatoka nayo, unakojoa kama umekunywa debe, na insulini, ile homoni ya sukari, ikishuka figo nazo zinaachilia chumvi zaidi ya kawaida. Hiyo mimi nilikuwa naiita mafuta inayeyuka.

Wiki ya kumi na moja, Machi, jua ya Kisumu mnaijua, mabati yamewaka mpaka huwezi guza. Mteja ametaka misumari ya nchi tatu kilo mbili. Nikachutama chini ya kaunta kuchota, nikasimama, na nikaona giza imeanzia kando kando ikija katikati, masikio yanalia wiiii, nikashika rundo la nondo nisianguke. Ikapita kwa sekunde kama kumi hivi. Mteja akauliza mzee uko sawa, nikamwambia ni joto.

Ikawa mazoea sasa. Nikiamka kitandani asubuhi lazima nikae kwanza. Nikitoka choo ya kuchutama nashika ukuta. Siku moja nimeshuka kwa boda Kibuye nikayumba mpaka kijana wa boda akanishika mkono, akadhani nimetoka kulewa saa tatu asubuhi, na mimi hata sinywi. Na huku kwetu mtu akipungua mwili haraka watu hawasemi hongera, wanakuangalia shingo alafu wanauliza kwa sauti ya chini, kwani uko sawa kweli? Shemeji mmoja alianza kunitembelea sana nikashindwa ni upendo ama anapima.

Sasa hapa ndio nyota zilienda. Nikawaandikia kwa WhatsApp, nikasema nikisimama naskia kizunguzungu na macho yanaona giza, ni chakula ama ni nini. Jibu ilikuja na ua na mikono ya kupiga makofi. Ati hongera, huo ni mwili unatoa sumu, ongeza maji mpaka lita nne kwa siku na kuna juisi yetu ya kusafisha, chupa shilingi 250. Na mimi mjinga nikanunua tatu. Ilikuwa tango, tangawizi na ndimu, kitu mama watoto angenitengenezea na shilingi hamsini na chenji irudi. Nikanywa na maji lita nne. Wiki hiyo ndio nilizidiwa zaidi, kichwa inauma, miguu inakaza usiku, na mara moja nikaanguka kabisa hapo nyuma ya duka, nikaamka niko na vumbi ya simiti kwa meno.

Mama watoto hakuongea, alifunga duka na kufuli akaniweka kwa tuktuk. Tulienda kakliniki kadogo tu mtaani, si mahali pa mabango, na daktari mwenyewe ni kijana naweza kumzaa. Lakini alifanya kitu hakuna mtu alikuwa amefanya. Alinilaza kwa kitanda dakika tano, akapima presha, 112 kwa 70. Nikafurahi. Akasema simama mzee wangu, usiongee. Akapima baada ya dakika moja, akapima tena ikifika tatu. Imeshuka 88 kwa 60 na mimi nimeshika meza. Akaniambia ikishuka pointi 20 ile ya juu ama 10 ile ya chini ukisimama, hiyo tayari ni shida ina jina lake, na wewe umeshuka 24.

Alafu akauliza swali ambalo watu wa chakula hawakuuliza hata siku moja. Unakunywa dawa gani?

Nikatoa pakiti mfukoni. Ni losatani, lakini ile yenye herufi H nyuma, na hiyo H kumbe ni dawa nyingine imechanganywa ndani ya tembe hiyo hiyo, ya kukojoza, inatoa maji na chumvi mwilini. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akanielezea hivi na nimejaribu kukumbuka vile alisema: hiyo dozi uliandikiwa ukiwa na kilo mia na kitu, unakula chumvi yako na ugali yako, presha 160. Sasa kilo zimepungua, na presha kwa wastani inashuka karibu pointi moja kwa kila kilo unapoteza, chakula haina chumvi, wanga umeacha so figo zinatupa maji, na bado kila asubuhi unameza dawa ya kutupa maji zaidi, kwa jua ya Kisumu, ukibeba simiti. Mwili umebadilika, dawa imebaki ile ile. Ukisimama damu inateremka miguuni na hakuna presha ya kuipandisha kichwani haraka.

Akatoa damu. Sukari ilikuwa sawa, damu yenyewe iko sawa, potasiamu sawa, lakini sodiamu, ile chumvi ya damu, ilikuwa 131 na inafaa kuwa kati ya 135 na 145. Hapo nikauliza juu ya zile lita nne. Akasema maji tupu mingi wakati chumvi iko chini ni kama kuongeza maji kwa mchuzi ambao tayari hauna ladha. Nilikuwa najizamisha pole pole na nimelipia juisi juu yake.

Gharama yote siku hiyo ilikuwa 2,800 pamoja na maabara, nililipa mfukoni. Akanitoa kwa ile ya H akanipea losatani peke yake, akasema hiyo moja nisiache mwenyewe hata nikiskia fiti, maji ninywe kulingana na kiu, chumvi irudi kidogo kwa chakula, si kumwaga, maana mtu wa presha hafai kuzidisha kijiko kidogo kwa siku nzima. Niamke kwa awamu, nikae ukingoni mwa kitanda, nikanyagekanyage miguu, alafu nisimame. Nirudi wiki mbili. Nikanunua na mashine ya presha ya kufunga kwa mkono juu, 3,200, inafanya kazi poa ingawa betri inakula kama mtoto wa bodingi.

Wiki mbili baadaye nimelala 124 kwa 78, nimesimama 118 kwa 76. Sodiamu 137. Giza imeisha. Nilichutama nikachota misumari kilo tano nikasimama hivi hivi nikasubiri, hakuna kitu.

Nilirudi kwa wenye chakula, safari hii nikapiga simu, sitaki maua tena. Mwenyewe akapokea, mama mpole tu, akasema pole sana baba. Nikamuuliza, dada, ile fomu yenu ya kujiunga mliniuliza kama nakula njugu, mkaniuliza nataka kijiko cha plastiki ama hapana, mkaniuliza hata birthdei yangu ili mniletee keki ya malenge, mbona hamkuuliza kama niko na presha ama sukari? Akanyamaza. Akasema hakuwahi kufikiria. Na mimi nilikuwa nawaza zaidi mtu wa sukari, kwa mfano mama ya jirani yangu wa duka la rangi, yeye anakunywa zile tembe za kushusha sukari na alikuwa anataka kujiunga juu ameniona nimepungua. Huyo ukimtoa ugali ghafla na dawa ibaki vile ilikuwa, sukari inaweza anguka mpaka apoteze fahamu, na hapo si ya kushika nondo. Nimemwambia aanze kwa daktari wake wa kliniki ya sukari kwanza, fomu baadaye. Amekasirika kidogo, anasema namnyima mwili mzuri.

Ile sehemu ya fomu wameongeza sasa, nimeiona, swali moja, unatumia dawa yoyote. Ukijibu ndio sijui kama kuna mtu anasoma, lakini iko. Juisi ya sumu bado wanauza.

Kwa hivyo mkiniuliza kama mjiunge, nitasema chakula kuleni. Samaki wao ni freshi, si ile ya barafu, na mboga za kienyeji wanapika kama mtu ameolewa vizuri. Mimi mwenyewe bado nachukua siku tatu kwa wiki badala ya tano, na nimeongeza kaugali ka wimbi jioni, saizi ya ngumi, mama watoto anapima kwa jicho na jicho lake ni kali kuliko mizani. Niko 87. Kama unakunywa dawa ya presha na umepungua hata kilo tano sita, kapimwe ukiwa umelala na ukiwa umesimama, waambie wapime zote mbili, maana wakipima umekaa tu unaweza ambiwa uko sawa. Na kama umeanguka kabisa ama kifua kinauma usingoje mpaka mtu akufungie duka kama mimi.

Kitu kingine nilisahau, vifuniko vya kontena zao havifungi vizuri, mchuzi wa omena umeniharibia kitabu cha risiti mara mbili, na wanadai urudishe kila kontena ama ukatwe 50. Ziko nne hapa chini ya kaunta, boda wao akipita azichukue, niko dukani mpaka saa kumi na mbili.