Paking ya ulinzi Sinza: ninakolaza Hiace yangu ya kazi

Kama unaishi Sinza, Kijitonyama au Mwananyamala hapa Dar es Salaam, una Hiace, Kirikuu au Canter ya kazi, na nyumba yako haina nafasi ya kuingiza gari ndani, lipeleke kwenye paking ya ulinzi. Ninayoitumia mimi ipo ndani kidogo kutoka barabara ya Shekilango. Haina jina. Geti lake la bati limeandikwa kwa rangi nyekundu PAKING USIKU NA MCHANA, na chini yake kuna namba ya simu ambayo tarakimu zake mbili zimefutika. Ina mapungufu na nitayasema yote, lakini shilingi 50,000 ninayolipa pale kila mwezi naitoa kwa moyo mkunjufu kuliko hela nyingine yoyote ya biashara yangu.

Nakodisha tenti na viti, na napika chakula cha shughuli: sendofu, harusi, arobaini, misiba. Hiace yangu haina viti vya nyuma, nilivitoa vyote. Mle ndani hukaa masufuria, majiko ya gesi na mahotpoti, na juu kwenye keria vinafungwa vyuma vya tenti. Shughuli ikiisha saa sita usiku, mimi nafika nyumbani saa nane. Ya msiba inaweza kunitoa saa kumi alfajiri, kwa sababu waombolezaji wakiamka wanatakiwa wakute turubai limesimama. Mtu akikuambia gari la kazi ni gari kama magari mengine, muulize kama amewahi kulala dirisha moja na vijana wanaoshusha vyuma vya tenti usiku wa manane.

Na mitaa yetu haikupangwa kwa maisha haya. Sinza ni moja ya maeneo yaliyopimwa viwanja kwenye miaka ya 1970, kwenye mradi uleule uliopima Kijitonyama na Mikocheni, ili watu wa kipato cha kawaida wapate pa kujenga. Viwanja vilikuwa vidogo, na wakati ule mwenye gari mtaani alihesabika kwa vidole. Leo kwenye kiwanja kilekile kuna nyumba kubwa, vyumba vya wapangaji uani na fremu za maduka mbele. Ukuta umesogezwa hadi ukingoni. Pale kwetu kutoka ukuta hadi ukuta ni kama mita tano, na mfereji umekula karibu mita nzima. Hiace yenyewe ina upana wa mita 1.7 bila vioo. Ikiegeshwa, bajaji inapita. Boza la maji halipiti, gari la taka halipiti, na gari la kunyonya choo ndiyo kabisa. Mtu choo kimemjaa, amelipia gari, dereva amesimama kona anapiga honi na mita inasoma. Hapo ndipo majirani wanapoacha kusalimiana.

Mtaani kwetu mvutano ulianza na mawe. Mmoja aliweka mawe mawili yaliyopakwa chokaa mbele ya ukuta wake. Wa pili akaweka tairi bovu lenye maua. Wa tatu, mwenye Kirikuu ya kusambaza maji ya chupa, akaweka pipa. Kila mmoja alikuwa anazuia kipande cha barabara ambacho si chake. Halafu ikaja ya kutoa upepo kwenye matairi usiku, na hilo silikubali hata leo, kwa sababu mwenye gari la kazi asubuhi anategemewa na watu. Ukimtolea upepo fundi bomba, umemkatia maji mtu wa Tabata asiyekujua.

Jirani yangu wa mkabala ni mwalimu mstaafu, mtaa mzima tunamwita Mwalimu. Yeye hakuweka jiwe wala pipa. Alinisubiri asubuhi nje ya geti.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mama. Watoto wazima?"

"Wazima, Mwalimu."

"Mama, sina ugomvi na riziki yako. Ila ndani nina mgonjwa wa sukari. Usiku akizidiwa, bajaji hailazi mtu. Nataka taksi ifike mlangoni. Gari lako likilala pale, taksi inaishia kwenye kona."

Hoja ile sikuwa na jibu lake, na sidhani mtu mwenye utu angekuwa nalo. Lakini wengine walikuwa hawazungumzi hivyo, walikuwa wanatukanana kwenye grupu la mtaa, na mwisho tukaitwa ofisi ya serikali ya mtaa, wote wenye magari ya kazi na wote wenye malalamiko. Tulikaa kwenye benchi, mtendaji anaandika, mwenyekiti anasikiliza. Kila upande ulisema "barabara ni ya serikali" ukiamini kauli hiyo inausaidia. Mwenyekiti alitueleza vizuri: barabara za mitaa zipo chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu chombo hicho kilipoanzishwa mwaka 2017, kwa hiyo mwenye nyumba hana hati ya kipande cha mbele ya ukuta wake, jiwe na pipa vyote viondoke. Na mwenye gari naye hana haki ya kuziba njia, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuegesha kwa namna inayozuia wengine kupita. Akasema mchana mtu ashushe mzigo aondoke, usiku gari la kazi lilale sehemu yenye nafasi. Sehemu gani? Hapo hakuwa na jibu. Tukaachiwa wenyewe.

Nilizunguka kutafuta. Sheli moja walikubali, lakini gari litoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kila siku, hata siku ambazo sina kazi, na hawaandiki chochote. Baa moja yenye uwanja mkubwa wana ulinzi mzuri, ila wateja wa baa wanaegesha ovyo, na ukihitaji gari lako saa nne usiku unaanza kumtafuta mwenye Harrier aliyekuzibia, meza kwa meza. Nikaletwa hapa na kijana wa Kirikuu.

Sasa paking yenyewe. Ni kiwanja kitupu ambacho mwenyewe hajajenga, kimezungushiwa ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu, geti moja tu. Kuna taa tatu kubwa, na zinawaka kweli. Umeme ukikatika wana taa ya sola juu ya kibanda. Walinzi ni wawili usiku, mmoja getini na mmoja anazunguka. Kilichonifanya nibaki ni daftari. Ukiingia, mlinzi wa zamu anasimama na tochi, anazunguka gari lako kuanzia taa ya kushoto ya mbele, anaandika: namba ya gari, saa, vioo vya pembeni viwili vizima, taa nne, spea taya ipo, jeki ipo, redio ipo, betri ipo, mafuta robo. Halafu juu ya keria: vyuma ishirini na nne, mbao sita. Anahesabu kwa sauti na wewe unahesabu naye. Unasaini. Asubuhi mnarudia uleule mzunguko, unasaini tena. Nimeona daftari la miezi ya nyuma limefungwa kwa mpira kibandani, halitupwi.

Mwenye gari Dar anajua kwa nini hilo ni kubwa. Ukilala na gari nje unaamka kioo cha pembeni hakipo, au kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, imeng'olewa, na mchana unakwenda kununua ya mtumba ukijiuliza kama si ile ile yako. Ndiyo maana watu wanachora namba za gari kwenye vioo na kwenye taa. Mimi pia nimechora, lakini namba iliyochorwa haimzuii anayetaka betri, na betri ya Hiace ya dizeli ni zaidi ya laki mbili. Tangu nilaze pale sijapoteza hata kamba ya kufungia turubai.

Bei wameibandika ukutani, jambo ninalolisifu sana maana hakuna kukadiriwa kwa sura: gari dogo 1,500, Hiace na Kirikuu 2,000, Canter 3,000. Ukilipa mwezi kwa mkupuo, Hiace ni 50,000. Unalipa kwa simu na unapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono.

Mapungufu. La kwanza na kubwa ni funguo. Magari yanapangwa kwa mistari, la nyuma linaziba la mbele, kwa hiyo unatakiwa uache ufunguo ili walinzi wapange. Mimi nilikataa na nikaeleza sababu: mahali pengine nilipowahi kulaza gari, mafuta yalikuwa yanapungua usiku bila maelezo. Baada ya majadiliano marefu wamenipa mstari wa ukutani karibu na geti kwa sharti la kulipa kwa mwezi. Wewe ukienda, lizungumze hili siku ya kwanza kabisa, usisubiri. Kiasi cha mafuta kinaandikwa kwenye daftari, na hilo linasaidia, ila ufunguo mfukoni ndio usingizi.

La pili ni tope. Sakafu ni udongo tu na kifusi kidogo getini. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, upande wa chini unageuka bwawa, na Canter zinachimba mahandaki. Nimewahi kufunga masufuria ya harusi juu ya mifuko ya saruji mitupu ili yasiguse maji. Mwenye paking anakusanya hela kila usiku. Tripu chache za kokoto hazitamshinda. Tumeshamwambia, wateja kadhaa kwa pamoja, na tutaendelea kumwambia.

La tatu linatuhusu zaidi wanawake. Ukishalaza gari saa nane usiku, unarudije nyumbani? Ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, na saa ile sitembei. Napanda bodaboda, buku, lakini bodaboda ya saa nane lazima umjue. Nina kijana mmoja wa kijiwe cha hapo jirani, namba yake ninayo, na mlinzi wa getini hafungi mpaka aone nimepanda na ameandika namba ya pikipiki. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Ningekuwa mwenye paking, ningelifanya kuwa utaratibu kwa kila mteja anayetoka usiku peke yake.

Wenzangu wa tenti huniuliza kama 50,000 kwa mwezi si mzigo. Jibu langu ni kwamba nimeiingiza kwenye bei. Kwenye karatasi ya makadirio ninayompa mteja kuna mstari wa usafiri, na ndani yake kuna mafuta, dereva na paking. Mteja wa harusi ya watu mia tatu haoni tofauti. Anayeumia ni fundi mdogo mwenye Kirikuu moja na kazi za kubahatisha. Kwake 2,000 ya kila usiku ni hela ya mboga. Kwa ajili yake natamani serikali za mitaa zitumie maeneo ya wazi zilizonayo, usiku tu, kwa bei ya chini, mlinzi mmoja na daftari kama hili. Masoko mengi usiku yana uwanja mtupu na mlinzi tayari yupo. Kumwambia mtu "usilaze gari hapa" bila kumwonyesha pa kulilaza ni kuuhamisha ugomvi mtaa wa pili, na nimeona ukihama: Canter zilizofukuzwa kwetu sasa zinalala mbele ya shule ya chekechea.

Mtaani kwetu mawe yameondolewa. Pipa bado lipo, mwenyewe anasema ni la maji. Gari la kunyonya choo linaingia mpaka mlangoni kwa Mwalimu na kurudi nyuma bila mtu kuamshwa. Mizigo nashusha mchana, na vijana wangu wanajua kuwa vyuma vinapokezanwa mkono kwa mkono, havitupwi.

Ukitaka kujaribu, fika kabla ya saa mbili usiku siku ya kwanza, maana baada ya hapo mistari imeshajaa na utapewa upande wa tope. Muulize mlinzi wa zamu ya usiku, si wa mchana. Yeye ndiye anayejua nafasi za mwezi. Nenda na nakala ya kadi ya gari, wanaitaka. Na siku ya kwanza zunguka naye na tochi mpaka mwisho, usisaini kitu ambacho hamjakihesabu pamoja.