Wiki nzima na filamu za John Carpenter

Nilijipa filamu saba za John Carpenter, mwongozaji wa filamu za kutisha kutoka Marekani, moja kila usiku, kwa kufuata miaka: kutoka Assault on Precinct 13 ya 1976 hadi Ghosts of Mars ya 2001. Usiku wa tatu nikaanza kucheka peke yangu. Huyu bwana ana kisa kimoja tu! Watu wachache wamezingirwa, iwe kituo cha polisi kilicho mbioni kufungwa, kanisa kuukuu au kambi ya utafiti Antaktika. Simu imekatika, msaada hauji.

Lakini hakinichoshi, kwa sababu mara nyingi ukishafunga mlango unagundua umejifungia ndani na hatari yenyewe. Kwenye The Thing (1982) kiumbe anaigiza mtu yeyote anayemmeza, kwa hiyo wanaume kumi na wawili hawaaminiani tena. MacReady, rubani wa kambi, anawafunga kamba wenzake kwenye kochi, anachovya waya wa moto kwenye damu ya kila mmoja, maana damu ya kiumbe itaukwepa moto. Vijisahani viwili vitatu vinapita, waya unalia "tsss", hakuna kitu. Unaanza kupumua. Anafika kwa Palmer huku akibishana na mwingine, hata hatazami vizuri, na damu inaruka. Waliofungwa kochi moja na Palmer hawawezi kukimbia. Nimeirudia mara nne na bado nilishtuka.

Jambo la pili ni uovu usiojieleza. Michael Myers wa Halloween (1978) hasemi neno, na kwenye orodha ya waigizaji, akiwa amevaa kinyago, anaitwa "umbo" tu. Kinyago chenyewe kilikuwa cha Kapteni Kirk wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe. The Fog ndiyo inayokwenda kinyume: mizimu ile inadai haki yake, dhahabu iliyoibwa miaka 100 nyuma, na kwangu ndiyo maana inatisha kidogo lakini inasikitisha zaidi.

Muziki sina la kuongeza. Anautunga mwenyewe mara nyingi, kinanda kile cha Halloween kimenikaa kichwani hadi kazini.

Sasa lalamiko. Halloween niliianzia kwenye huduma moja ya mtandaoni iliyokata picha pembeni ili ijaze skrini. Hapo wamemuua Carpenter! Anapiga picha pana makusudi, hatari anaiweka ukingoni. Laurie, msichana anayewindwa na Myers, amesimama analia karibu na mlango wenye giza, na uso mweupe unajitokeza taratibu pembeni yake. Ukikata ukingo, umebaki na msichana analia. Nikatafuta diski.

Nyota nne na nusu. Ile nusu imeliwa na Ghosts of Mars, mzingiro uleule bila subira yake ya zamani. Kama huna wiki nzima, anza na The Thing, na ukifika mwisho, wale wawili wanapopokezana chupa kwenye theluji huku kambi ikiungua, usiniulize nani ni nani. Nimebadilisha jibu mara mbili tangu Jumamosi.