Vioo wamepatia, reli ya mlango wameiacha na mchanga wake

Juzi niliwaita jamaa wa usafi hapa Kigamboni, si mnajua chumvi ya bahari inavyogandaga kwenye vioo mpaka dirisha linakuwa kama lina ukungu. Vioo wamepatia aisee, sabuni ya vyombo kidogo kwenye maji, wakavuta na kile kifutio cha mpira juu kwenda chini, hamna hata mchirizi. Ila mlango wa kuslaidi wa barazani ulikuwa unakwama vilevile, kumbe reli hawajagusa, mchanga na manyoya ya paka tele, vitundu vya kutolea maji vimeziba. Nikachokonoa mwenyewe na mswaki wa zamani nikapulizia silikoni ya kulainisha, siyo oili maana inakamata vumbi, sasa hivi mtoto anausukuma kwa kidole. Nyota 3, moja ya kuwahi tu.